UZI: Chumvi ikipanda na ikishuka, sayanobakteria huokolewa na vimeng'enya (kutoka maabara hadi Ziwa Nakuru)

Mwani Kijani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa maziwa ya Bonde la Ufa kujaa, hoja iliyorudiwa zaidi ilikuwa hii: spirulina inapenda chumvi, chumvi ya Nakuru ikapungua, spirulina ikaisha, heroe wakahama. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Ila imeruka sehemu tamu kuliko zote, yaani kinachotokea ndani ya seli yenyewe. Nimeona niifungulie uzi wake, maana kwa Kiswahili jambo hili sijaliona likielezwa popote kwa kirefu.

Spirulina ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru kama mimea. Jina lake la kitaalamu ni Arthrospira. Wako wa maji baridi, wa baharini, wa maziwa ya magadi, hadi wa madimbwi ambayo chumvi imeanza kuganda pembezoni. Wote wana tatizo moja: hawana miguu. Jua likikausha dimbwi au mvua ikilijaza, wanabaki palepale na kupambana na hali ilivyo.

Pwani tunakausha papa na ng'onda kwa chumvi kwa sababu bakteria wa kuozesha wakikutana na chumvi nyingi hunyang'anywa maji. Maji hupenya utando wa seli kwenda upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Chumvi ikizidi nje, seli inanywea. Hilo ni pigo la kwanza, na linatua ndani ya sekunde chache. Pigo la pili linafuata baada ya dakika: sodiamu na kloridi vinaanza kuingia ndani. Sodiamu ikijaa kwenye seli, vimeng'enya vingi (protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli) vinapoteza umbo na kasi, usanisinuru unayumba, na ukuaji unasimama.

Seli inajibu kwa awamu. Kwanza inavuta potasiamu ndani na kuisukuma sodiamu nje kwa kutumia protini za kwenye utando zinazobadilishana sodiamu na protoni (hidrojeni yenye chaji chanya). Potasiamu ina madhara madogo kuliko sodiamu, lakini nayo ikirundikana si salama. Kwa hiyo hiyo ni hatua ya kununua muda tu. Wakati huohuo vimeng'enya fulani vinaanza kutengeneza molekuli ndogo, zinazoyeyuka vizuri, zisizo na chaji kwa jumla na zisizosumbua kazi za seli. Hizi zinaweza kurundikwa kwa wingi bila madhara, maji yakarudi ndani, na ayoni za ziada (chembe zenye chaji, kama sodiamu na potasiamu) zikatolewa. Baada ya saa kadhaa seli imeshapumua, na ndani ya siku moja hivi inaanza tena kukua.

Nitaendelea na vimeng'enya vyenyewe hapo chini.

Pwani Kwetu

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu, hii nondo.

Mwani Kijani

Twende kwa kiumbe kilichochunguzwa kuliko wote, Synechocystis PCC 6803. Alitolewa kwenye ziwa la maji baridi huko California, Marekani, mwaka 1968. Mwaka 1996 Taasisi ya Kazusa ya Japani ilisoma jenomu yake yote, akawa kiumbe wa kwanza wa usanisinuru kusomwa vinasaba vyake kikamilifu. Ingawa asili yake ni maji baridi, anaweza kuzoeshwa hadi chumvi ya takriban moli 1.2 kwa lita, yaani gramu 70 hivi. Bahari ya Hindi ina kama gramu 35. Mkazi wa maji baridi anayevumilia mara mbili ya bahari si kiumbe wa kupuuza.

Molekuli anayoitegemea inaitwa glukosiligliseroli. Nitaiita GG kama wanavyoiita watafiti. Ni glukosi iliyounganishwa na gliseroli, na inatengenezwa na vimeng'enya viwili vinavyopokezana.

Cha kwanza ni GgpS. Kinachukua glukosi iliyobebwa na ADP (molekuli ya kubebea), kinaiunganisha na gliseroli yenye fosfati, inapatikana GG yenye fosfati. Cha pili ni GgpP, kinachokata ile fosfati na kuacha GG safi. Msidharau hiki cha pili. Watafiti walipokiharibu, seli ziliendelea kurundika GG yenye fosfati na hazikuweza tena kuhimili chumvi. Bidhaa ya katikati ikikwama ni balaa. Walipokiharibu GgpS, seli zilikosa GG kabisa, na kwenye chumvi ya wastani zilivimba na kushindwa kugawanyika sawasawa.

Sasa njooni kwenye sehemu inayonifanya niandike haya yote. Tungetarajia seli ikikutana na chumvi isome jeni, itengeneze protini mpya, kisha kazi ianze. Hilo linatokea kweli: jeni ya ggpS husomwa zaidi chumvi ikipanda, na iko protini ndogo, GgpR, inayoizuia chumvi ikiwa kidogo. Lakini kutengeneza protini mpya kunachukua muda, na seli inanywea sasa hivi.

Ufumbuzi wake ni kwamba kiasi cha GgpS kipo tayari muda wote, ila kimefungwa. Kundi la Martin Hagemann kule Chuo Kikuu cha Rostock, Ujerumani, lilionyesha miaka ya 1990 kwamba ukisaga seli zilizokuzwa bila chumvi, ile juisi yake karibu haitengenezi GG. Mwagia chumvi kwenye juisi hiyohiyo, GG inaanza kutoka. Hakuna seli hai hapo, hakuna jeni inayosomwa. Kimeng'enya kilikuwemo.

Mwaka 2011 kundi la Kay Marin likaeleza kinafungwa na nini: DNA na RNA. GgpS kina maeneo yenye chaji chanya, na uti wa mgongo wa DNA una chaji hasi, kwa hiyo vinanatana. Hakijali mpangilio wa herufi za vinasaba, kinachokivuta ni chaji tu. Kikinata hapo hakifanyi kazi. Ayoni za chumvi zikijaa ndani ya seli, zinadhoofisha mvutano huo, GgpS kinachomoka na kuanza kazi palepale. GG ikishatosha na ayoni zikitolewa nje, mvutano unarudi na kimeng'enya kinapoa. Sumu yenyewe ndiyo inayoamsha dawa yake. Nimesoma mengi kuhusu udhibiti wa vimeng'enya, na kwa uzuri wa wazo sijaona unaoufikia huu.

Kibuyu Kitupu

Mkuu umetisha. Swali: kwa nini seli isikubali tu chumvi iingie, ijaze ndani kama nje, mambo yaishe? Naona inajitesa bure kutengeneza GG.

Mwani Kijani

@Kibuyu Kitupu swali zuri, na wapo wanaofanya hivyo. Wale viumbe wanaofanya maji ya mashamba ya chumvi kuwa mekundu, kule Gongoni na Malindi kwa mfano, wengi ni akea (viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria ila si bakteria) wanaojaza kloridi ya potasiamu ndani ya seli hadi ilingane na nje. Hata Ziwa Magadi wamo wa jamii hiyo, na mmoja amepewa jina la ziwa lenyewe: Natrialba magadii.

Ila njia hiyo inadai protini karibu zote za seli ziwe zimejengwa upya, ziwe na asidi nyingi kwenye uso wake ili zisigande ndani ya chumvi. Wengi wao wakiwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo protini zao zinafumuka na wanakufa. Wamejifungia kwenye chumvi. Sayanobakteria wa dimbwi linalokauka kiangazi na kujaa masika hawezi kuishi hivyo. GG inamwachia uhuru wa kupanda na kushuka.

Kigogo wa Kemia

Naomba niongezee kwa upande wangu, maana mleta mada amejikita kwa Synechocystis peke yake.

Si wote wanaotumia GG, na ukijua mtu anatumia molekuli gani unaweza kukisia ataishi wapi. Utafiti wa Robert Reed na wenzake miaka ya 1980 ulionyesha makundi matatu makubwa. Wavumilivu wa chini, wengi wa maji baridi, hurundika sukrosi (hii sukari yetu ya chai) au trehalosi, sukari nyingine. Wa kati, wakiwemo wengi wa baharini, hurundika GG. Wale wa chumvi kali kabisa hurundika glisini-betaini.

Gharama zake zinatofautiana. Kwa shinikizo la maji kinachohesabika ni idadi ya molekuli, si ukubwa wake. Sukrosi na trehalosi zina atomi 12 za kaboni kila moja. GG ina 9. Betaini ina 5 tu, lakini inadai atomi ya nitrojeni, na nitrojeni majini mara nyingi ni haba. Faida nyingine ya betaini ni kwamba inakinga vimeng'enya vingine visiharibiwe na chumvi, kitu ambacho sukrosi haikifanyi vizuri kwa viwango hivyo.

Vimeng'enya vya betaini vina habari yake. Mchicha na mimea mingi inayotengeneza betaini huanza na kolini na kuioksidisha kwa hatua mbili. Sayanobakteria Aphanothece halophytica, ambaye siku hizi anaitwa Halothece, anaanza na glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, na kuibandika vikundi vya methili kimoja baada ya kingine hadi vitatu. Vimeng'enya viwili vinagawana kazi hiyo, GSMT na DMT. Kundi la Teruhiro Takabe kule Nagoya, Japani, lilizitambua jeni zake, na mwaka 2005 likachapisha kwamba mmea wa Arabidopsis uliopandikizwa jeni hizo ulirundika betaini nyingi na kustahimili chumvi kuliko ule wa kawaida.

Pwani Kwetu

Hiyo ya mmea imenigusa. Kwetu maji ya bahari yanapanda kwenye majaruba ya mpunga, mashamba yanaachwa. Ina maana tunaweza kupata mpunga wenye jeni za huyu bakteria?

Kigogo wa Kemia

@Pwani Kwetu Arabidopsis ni mmea mdogo wa maabara, unaishi kwenye chumba chenye mwanga na joto vilivyopangwa. Shambani kuna ukame, wadudu, na chumvi inayopanda na kushuka kila bamvua. Mmea unaotumia kaboni na nitrojeni kutengeneza betaini unazitoa kwenye nafaka. Kwa hiyo mlango upo, lakini usiuze shamba kwa kusubiri. Kwa sasa mbegu za mpunga zinazovumilia chumvi zinazopatikana kwa uzalishaji wa kawaida ndizo za kuuliza kwa bwana shamba.

Mwani Kijani

Asante @Kigogo wa Kemia, umenirahisishia. Tuje upande ambao watu wengi huusahau: chumvi ikishuka.

Seli iliyozoea chumvi imejaa GG. Mvua kubwa ikinyesha, nje kunakuwa kwepesi ghafla. Maji yanaingia kwa kasi, seli inavimba, utando unavutika. Isipochukua hatua itapasuka. Zipo milango ya dharura kwenye utando, protini zinazofunguka zikivutwa, na GG nyingi inamwagika nje ndani ya muda mfupi. Inauma, maana ile ni kaboni iliyotafutwa kwa jua. Synechocystis ana protini za usafirishaji, GgtA hadi GgtD, zinazokusanya tena GG iliyovuja.

GG iliyobaki ndani inavunjwa na kimeng'enya kiitwacho GghA. Kinaikata kuwa glukosi na gliseroli, na vyote viwili vinarudi kwenye matumizi ya kawaida ya seli. Makundi mawili, moja la mwaka 2016 na jingine la 2017, yalionyesha kazi yake. Kilichonifurahisha ni kwamba chumvi nyingi inakipunguza kasi GghA. Kwa hiyo ayoni zilezile zinazomfungua mtengenezaji zinamshika mkono mvunjaji. Zikiondoka, mambo yanageuka. Bila hivyo seli ingekuwa inatengeneza na kuvunja kwa wakati mmoja na kuteketeza nguvu bure.

Kuna jambo jingine la kiuchumi hapo. Ile glukosi yenye ADP anayoitumia GgpS ndiyo hiyohiyo inayotengenezea glikojeni, akiba ya seli ya usiku. Mabwana wawili, mfuko mmoja. Chumvi ikibana, sehemu ya akiba inaelekezwa kwenye GG.

Mkaazi wa Nakuru

Nimefuatilia kimya toka mwanzo. Mimi nimekulia Nakuru na nimeona ziwa likipanda kwa macho yangu. Migunga ya kandokando imekauka ikiwa imesimama majini, barabara za ndani ya hifadhi zikafunikwa, hadi geti kuu likahamishwa. Sasa nina hoja mbili.

Moja, hapa kwetu si chumvi ya mezani. Ni magadi: kaboneti na bikaboneti za sodiamu, pH karibu 10 (pH ni kipimo cha uchachu na ukali wa magadi; juu ya 7 ni upande wa magadi). Synechocystis wa California anatuhusu vipi?

Pili, mleta mada anazungumza kama sodiamu ni adui tu. Nilisoma utafiti wa mwaka 1996 ulioonyesha kwamba spirulina ikinyimwa sodiamu kwenye maji yenye pH kubwa inakufa upesi sana. Hilo linakaaje na maelezo yako?

Mwani Kijani

@Mkaazi wa Nakuru hizi ndizo hoja nilizokuwa nazisubiri.

Kwa ya kwanza: kwa upande wa kunyang'anywa maji, seli haijali kama nje ni kloridi au kaboneti. Na Arthrospira ana silaha za jamii ileile. Tangu miaka ya 1980 inajulikana anarundika GG pamoja na trehalosi. Tofauti kubwa iko kwenye pH. Maji ya pH 10 yana protoni chache mno, na zile protini zinazotoa sodiamu kwa kuingiza protoni zinafanya kazi mbili kwa mpigo: kupunguza sodiamu na kuzuia ndani ya seli kusiwe kukali kama nje.

Hapo ndipo hoja yako ya pili inapokaa. Ili kuingiza protoni seli lazima iwe na sodiamu ya kutoa. Isipokuwepo kabisa, mzunguko unasimama, ukali unaingia ndani, seli inakufa. Isitoshe, sayanobakteria wana protini zinazovuta bikaboneti ndani zikisukumwa na sodiamu. Bikaboneti ikiingia, kimeng'enya kaboniki anhidrasi kinaigeuza kuwa kaboni dioksidi karibu kabisa na Rubisco, kimeng'enya kinachoifunga kaboni. Nakuru ina bikaboneti tele. Ndiyo maana maji yale yanaweza kuwa mazito ya kijani kiasi kwamba ukichota kwenye glasi huoni kidole chako upande wa pili, na heroe wanainamisha vichwa juu chini na kuchuja siku nzima.

Kwa hiyo spirulina inahitaji sodiamu kiasi, na inalipa gharama kwa ile inayozidi. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Sasa ziwa lenyewe. Mwaka 2010 Nakuru ilikuwa na eneo la chini ya kilomita za mraba 40. Kufikia 2013 lilikuwa limepita 50, na likaendelea kupanda. Magadi yaleyale kwenye maji mengi zaidi. Je, Arthrospira alishindwa kuvumilia wepesi huo? Kwa seli moja moja sidhani kama ndilo tatizo kuu. Mabadiliko yalikwenda kwa miezi na miaka, na vimeng'enya vya kuvunja na kutengeneza vinajibu kwa saa. Ninavyoona mimi, alichopoteza ni ukuta. Magadi makali yaliwazuia washindani. Yalipopungua, mwani wa aina nyingine wakaweza kuingia, na wanyama wadogo wanaokula mwani nao wakawa na nafasi zaidi. Virusi vya sayanobakteria navyo vimepatikana kwa wingi kwenye ziwa hilo. Vimeng'enya vya chumvi haviwezi kukulinda dhidi ya jirani anayekua haraka kuliko wewe.

Kumbukeni pia upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1974 Nakuru ilikuwa imepungua maji na magadi yamepanda, na Arthrospira akaporomoka vilevile. Nafasi yake ikashikwa na viumbe wadogo zaidi, heroe wakaondoka. Ekkehard Vareschi, aliyekuwa akilipima ziwa miaka hiyo, ndiye aliyeandika habari zake. Juu kuna kikomo na chini kuna kikomo. Katikati ndimo anamotawala.

Mkaazi wa Nakuru

Hapo nimekuelewa. Na hiyo ya ukuta inalingana na tunachoona: maji yalipokuwa mepesi samaki walionekana, na ndege wala samaki wakaongezeka huku heroe wakipungua.

Shamba Beseni

Wakuu samahani kuingilia. Mimi nazalisha spirulina kidogo kwenye mabeseni ya plastiki, kwa matumizi ya nyumbani na kuuza kwa majirani. Jua likiwa kali maji yanapungua sana, nami huwa najazia maji ya bomba kwa mara moja hadi kwenye alama. Baada ya hapo kuna siku naona povu jingi na rangi inapauka. Inahusiana na haya mnayosema?

Mwani Kijani

@Shamba Beseni inaweza kuhusiana kabisa. Maji yakikauka, magadi yanabaki, kwa hiyo seli zako zimepandisha GG na trehalosi ili kuhimili. Ukimwaga ndoo nzima kwa mara moja, chumvi inashuka ndani ya dakika. Seli zinamwaga akiba nje, dhaifu zinapasuka, na protini na sukari zilizovuja ndizo zinaleta povu na kulisha bakteria wengine usiowataka. Hiyo ni sababu mojawapo. Klorini ya maji ya bomba ni nyingine, kwa hiyo yaache maji wazi kwanza usiku mzima.

Jazia kidogo kidogo, asubuhi na jioni, huku ukikoroga taratibu. Usisubiri beseni lipungue nusu. Weka kivuli cha wavu saa za jua kali ili maji yasikauke haraka. Na usijazie mchanganyiko wa magadi pale ambapo kilichopotea ni maji matupu, utakuwa unapandisha chumvi wiki hadi wiki. Mchanganyiko wa Zarrouk unaotumiwa na wengi kukuzia spirulina una gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu kwa lita. Ukivuna na kuchuja, ndipo urudishe virutubisho kulingana na ulichovuna.

Shamba Beseni

Nashukuru sana mkuu. Wavu ninao, leo jioni naufunga.

Kigogo wa Kemia

@Shamba Beseni nyongeza moja: tafuta kipimo cha pH hata kile cha karatasi. Ikishuka chini ya 9 kwenye beseni la wazi, wageni wanaingia. Usiuze kwa majirani mavuno ya beseni lililobadilika rangi au harufu, maana baadhi ya sayanobakteria wanaoweza kujipenyeza humo, Microcystis akiwemo, wana sumu ya ini.